Programu Inapogoma Kabla ya DVD Kukamilika: Maelezo kwa Watafiti wa Nyimbo za Harusi Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi anayekusanya nyimbo za harusi katika pwani ya Malindi na Kilifi huondoka nyumbani kwa watu akiwa na deni. Wenyeji wake wamemkaribisha, wamemruhusu aweke kamera pembeni mwa ua, wameimba vugo mbele yake huku pembe za nyati zikigongwa, na aghalabu wametaka jambo moja tu badala ya hisani hiyo: wapate nakala. Nakala hiyo mara nyingi hutakiwa iwe DVD.

Wapo watakaoshangaa kwamba katika enzi hii ya simu na intaneti bado kuna mtu anayetaka sahani ya plastiki. Sababu si ushamba. Sherehe za wanawake katika harusi za Waswahili ni za faragha. Buibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, na chakacha huchezwa kwa uhuru kwa kuwa hakuna jicho la mwanamume. Katika baadhi ya harusi simu za wageni hukusanywa mlangoni, na anayerekodi huwa ni mwanamke aliyekubaliwa na wenye shughuli. Picha ikishapandishwa mtandaoni haina mwenyewe tena, lakini DVD hukaa kabatini, na mwenye nyumba anajua ni nakala ngapi zilizotoka na ziko kwa nani. Isitoshe, mji wenye runinga, deki na paneli ya sola huko Ganze au Magarini huweza kutazama DVD hata pale ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Pia ni vyema kukumbuka kwamba watu wa pwani hii wana historia ya vitu vyao kuchukuliwa bila kurejeshwa. Vigango viwili vya Mijikenda vilivyoibwa na kuishia katika makavazi ya Marekani vilirudishwa Kenya mwaka 2007, baada ya miaka mingi. Ahadi ya nakala kwa hivyo si jambo dogo.

Basi programu ya kuhariri video inapogoma wakati DVD inatengenezwa, mtafiti hujikuta katika hali ngumu kuliko ya mhariri wa kawaida. Hawezi kuibeba tarakilishi hadi kwa fundi yeyote mjini. Fundi huenda akawa mwanamume, na ili aitengeneze kazi hiyo itambidi ayafungue mafaili na kuyatazama. Kumwonyesha ni kuvunja sharti ambalo kwalo mtafiti alikaribishwa. Kwa mtazamo huu, ujuzi wa kutambua chanzo cha hitilafu ni sehemu ya maadili ya utafiti, sawa na kuomba idhini kabla ya kurekodi.

Makala haya yanaeleza kwa nini programu hizo hugoma katika hatua ya DVD na namna chanzo kinavyoweza kutafutwa bila mtu wa nje kuona picha hata moja. Hoja inayoyaongoza ni kwamba hitilafu hii, ingawa hujidhihirisha mwishoni mwa kazi, kwa kawaida imezaliwa mapema, pengine usiku uleule wa harusi.

Kwa nini hitilafu hungojea hatua ya DVD

Mhariri anapopanga vipande vyake katika programu, kwa hakika hakuna kinachobadilika ndani ya mafaili asilia. Programu huandika orodha ya maagizo tu: chukua hapa, kata pale, weka jina la bibi harusi juu ya picha hii. Kanda za MiniDV zilizorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, vipande vya simu vya mwezi uliopita, picha za mnato na sauti iliyonaswa kwa kinasa-sauti huweza kukaa pamoja kwa amani kwa majuma kadhaa. Kinachoonekana kwenye kioo wakati huo ni kivuli cha kazi.

Siku ya kutengeneza DVD amani hiyo huisha. Kiwango cha DVD-Video, kilichobuniwa katikati ya miaka ya 1990, hakina huruma. Picha husimbwa kwa mtindo wa MPEG-2. Katika mfumo wa PAL, ambao Kenya iliutumia katika runinga ya analogia hadi mitambo hiyo ilipozimwa mwaka 2015, na ambao bado hutumiwa kutengenezea DVD hapa, kila fremu ina upana wa nukta 720 na kimo cha nukta 576, na fremu 25 hupita kwa sekunde. Mfumo wa NTSC wa Marekani na Japani una nukta 720 kwa 480 na fremu 29.97. Sauti sharti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde katika mitindo ya kawaida ya DVD. Kiasi cha data ya picha hakiruhusiwi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha pamoja na sauti zisizidi 10.08.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze, programu inalazimika kufungua kila kipande, kuisoma fremu moja baada ya nyingine, kubadilisha ukubwa wake na mwendo wake, kuisimba upya, kisha kuiunganisha na sauti na menyu. Video ya saa mbili katika mfumo wa PAL ina fremu 180,000. Fremu moja iliyoharibika miongoni mwa hizo yaweza kuangusha kazi nzima. Ndiyo maana mhariri huapa kwamba jana kila kitu kilikuwa sawa, naye hasemi uongo: jana programu haikuwa imeulizwa swali gumu.

Jambo la pili linalohusu hatua hii ni umri wa programu zenyewe. Windows DVD Maker, iliyokuja pamoja na Windows Vista na Windows 7, iliachwa katika Windows 8 ya mwaka 2012. Adobe Encore haikuendelezwa baada ya toleo la CS6 la mwaka huohuo. Apple nao waliacha kuweka iDVD katika tarakilishi zao mpya mwaka 2011. Anayetengeneza DVD leo, hata akitumia programu huria kama DVDStyler, anaiomba teknolojia ya jana ipokee mafaili ya simu za leo. Marekebisho kutoka kwa watengenezaji wa programu zile za zamani hayatarajiwi. Kinachowezekana ni kuipa programu malighafi ambayo inaielewa.

Kugoma kwa namna nne

Lugha ya kila siku ya pwani ina neno moja linalofunika matatizo yote ya mashine: imegoma. Gari hugoma, pampu ya maji hugoma, na programu pia hugoma. Neno ni tamu, ila kwa kazi ya kutafuta chanzo halitoshi. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, istilahi za uandishi na za majedwali zilipata makao katika Kiswahili. Uhariri wa video haukuwa sehemu ya kazi hiyo, na hadi leo kila fundi ana msamiati wake. Kwa matumizi ya makala haya, namna nne za kugoma zitatofautishwa.

Programu hujifunga pale inapotoweka yenyewe, pengine kwa ujumbe mfupi, huku tarakilishi ikiendelea na shughuli nyingine. Huganda pale inapobaki kwenye kioo bila kusonga wala kuitikia. Tarakilishi huzima pale mashine nzima inapokufa au kujiwasha upya. Namna ya nne ni DVD bubu: kazi imekamilika, ujumbe wa pongezi umetokea, lakini deki haiisomi sahani. Tofauti hizi zina uzito, kwani kila moja huelekeza kwingine. Kujifunga aghalabu hutokana na faili au na kumbukumbu ya programu. Kuzima hutokana na joto, umeme au kifaa kilichochakaa. Ububu wa DVD ni tatizo la uchomaji au la kiwango.

Kuganda ndiko kunakodanganya zaidi. Kipimo cha asilimia kinaweza kusimama kwenye 99 kwa nusu saa ilhali programu inafanya kazi kwa bidii, ikiunganisha picha na sauti. Mhariri asiye na subira huifunga kwa nguvu na kupoteza usiku mzima. Njia ya kujua ukweli ni kulifungua folda la muda ambalo programu inaandikia na kutazama ukubwa wa mafaili. Ukubwa ukiongezeka, kazi inaendelea, na aliyeianzisha anaweza kwenda kulala.

Kurudia, kisha kugawa nusu kwa nusu

Jaribio la kwanza halihitaji utaalamu wowote. Kazi irudiwe vilevile ilivyokuwa, na dakika ambayo programu iligomea iandikwe. Ikiwa mara zote mbili imegomea mahali pamoja, kwa mfano kila inapofika dakika ya 47 ya video, basi kosa limo katika kitu kilichopo hapo: kipande fulani, picha fulani, au kiungo baina ya vipande viwili. Ikigomea mahali tofauti kila mara, mafaili hayana hatia kubwa na macho yageukie joto, umeme, kumbukumbu na nafasi ya diski.

Majaribio haya yasifanywe kwa kuchoma sahani. Takriban kila programu ina uwezo wa kutoa kazi katika folda la diski ya tarakilishi, na ndani yake hupatikana folda liitwalo VIDEO_TS lenye mafaili ya VOB, IFO na BUP. Sahani itakuja mwisho kabisa. Kutenganisha usimbaji na uchomaji ni nusu ya tiba, kwa sababu anayeviunganisha katika hatua moja hajui ni kipi kilichomwangusha.

Ikiwa programu haionyeshi mahali ilipogomea, kazi igawanywe. Nusu ya kwanza ya vipande itolewe peke yake. Ikipita salama, kosa limo katika nusu ya pili, nayo igawanywe tena. Mradi wenye vipande 64 hufikisha kipande kimoja kwa majaribio sita tu. Njia hii huchosha, lakini ina fadhila kubwa: haihitaji kuitazama picha, wala kumwita mtu wa kuitazama.

Watuhumiwa wa kawaida

Katika kazi za siku hizi mtuhumiwa wa kwanza ni simu. Kamera ya MiniDV hunasa fremu 25 kwa sekunde bila kubadilika, mchana na usiku. Simu haifanyi hivyo. Mwanga ukipungua, kama unavyopungua uani baada ya isha, simu nyingi hupunguza idadi ya fremu ili kila fremu ipate mwanga zaidi, kisha huiongeza tena taa ya mpambaji inapowaka. Faili hubaki na mwendo unaopanda na kushuka. Programu ya zamani iliyozoea mwendo mmoja huhesabu vibaya, sauti huachana na midomo, na mara nyingine programu hujifunga kabisa. Wimbo wa vugo ambamo pembe inasikika kabla ya mkono kushuka hauwezi kumfaa mtafiti wa mahadhi hata kama DVD ilikamilika. Tiba ni kuvipitisha vipande vyote vya simu katika programu ya kugeuza, mathalani HandBrake ambayo ni ya bure, na kuagiza mwendo usiobadilika wa fremu 25, pamoja na sauti ya vipimo 48,000. Baada ya hapo vipande vilivyogeuzwa ndivyo viingizwe katika mradi. Vile vya asili vihifadhiwe kando bila kuguswa.

Mtuhumiwa wa pili hushangaza watu, nao ni picha za mnato. Ni desturi kuanza na kumaliza DVD ya harusi kwa mfululizo wa picha za maharusi, hina za mikono na vyombo vya fungate. Picha ya nukta milioni 12, ambayo ikiwa diskini ina megabaiti nne au tano tu, hufumuka inapofunguliwa katika kumbukumbu na kufikia takriban megabaiti 48, kwa kuwa kila nukta huchukua baiti nne. Picha 40 zikifunguliwa pamoja zinakaribia gigabaiti mbili. Programu nyingi za enzi ya DVD zilijengwa kwa biti 32, na katika Windows programu ya namna hiyo kwa kawaida hupewa gigabaiti mbili tu za kufanyia kazi, hata kama mashine ina gigabaiti 16. Hapo ndipo mhariri hununua kumbukumbu zaidi na kukuta hakuna kilichobadilika. Fremu ya DVD ina nukta 414,720, kwa hiyo picha ya nukta milioni 12 inazidi mahitaji kwa karibu mara 29. Ipunguzwe hadi upana wa nukta 1,500 hivi kabla ya kuingizwa. Hakuna mtazamaji atakayeona tofauti, na programu itapumua.

Kanda za zamani zina adha yake. Saa moja ya MiniDV huchukua takriban gigabaiti 13 inapohamishiwa kwenye tarakilishi. Diski ya nje iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haiwezi kubeba faili moja linalozidi gigabaiti nne, kwa hiyo uhamishaji hukatika karibu na dakika ya 19 au 20. Faili linalobaki huwa halina mwisho mzuri, lakini huchezeka, na kwa sababu huchezeka halitiliwi shaka hadi siku ya DVD. Mtafiti anayekuta mafaili yake yote yamekomea dakika hiyohiyo asitafute kosa katika programu. Diski ipangwe upya kwa mfumo wa NTFS au exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo, na kanda isomwe tena maadamu kamera ya kuisomea bado ipo. Kamera hizo zinazidi kuadimika, jambo linalofanya kazi ya kuhamisha kanda kuwa ya dharura kuliko hata ile ya DVD.

Nafasi ya diski nayo ihesabiwe vizuri. DVD ya kawaida hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo Windows huzionyesha kama gigabaiti 4.37 hivi. Hata hivyo, wakati wa kuitengeneza, programu yaweza kuandika picha iliyosimbwa, kisha folda la VIDEO_TS, kisha faili moja la sahani nzima, na kila kimoja kikawa na ukubwa unaokaribiana. Gigabaiti 15 hutoweka kimyakimya, na mara nyingi katika diski ya mfumo, hata kama mradi wenyewe umewekwa katika diski ya nje. Hapo programu hujifunga bila maelezo ya maana.

Wapo pia wanaopakia fungu zima la kodeki, yaani vijiprogramu vya kusimba na kusimbua picha, ili waweze kutazama filamu za kila aina. Kodeki mbili zinazogombea faili la aina moja huweza kuiangusha programu ya kuhariri, ambayo haikuwa na habari ya ugomvi huo. Dawa ni kuziondoa na kutumia VLC kwa kutazamia, kwa kuwa hiyo hubeba kodeki zake ndani yake yenyewe.

Mtuhumiwa mwingine atawachekesha wanaisimu. Baadhi ya programu za DVD hupeleka majina ya mafaili kwa programu ndogo zinazofanya kazi nyuma ya pazia, na hizo huichukulia ritifaa kama alama ya kufunga maneno. Faili lililoitwa kwa neno lenye ng' linaweza kukataliwa kwa sababu ya alama hiyo ambayo Kiswahili hakiwezi kuishi bila yake. Alama ya & ina hatia ya aina hiyohiyo, na majina ya hati ya Kiarabu yaweza kuleta shida katika programu za zamani. Mafaili yapewe majina mafupi yenye herufi za kawaida na tarakimu tu, kama vile vugo01 na vugo02, na majina kamili ya nyimbo yaandikwe katika daftari la utafiti. Maandishi yanayoonekana katika menyu ni suala jingine na kwa kawaida huvumilia zaidi.

Joto, stima na hesabu ya dakika

Tarakilishi inapozima nzima, pwani yenyewe ni mshukiwa. Kusimba MPEG-2 hukitumikisha kichakataji kwa nguvu zake zote kwa saa kadhaa, na mashine iliyowekwa juu ya godoro wakati wa kaskazi, mwezi wa pili au wa tatu, haina pa kutolea joto. Kinga iliyomo ndani yake huizima kabla haijaungua. Hewa ya bahari nayo hubeba unyevu na chumvi ambavyo hushikana na vumbi katika feni. Kabla ya kulaumu programu, matundu ya hewa yasafishwe, mashine iinuliwe juu ya meza kwa vipande viwili vya mbao, na kazi ifanywe usiku wa manane ambapo pepo huwa za afadhali. Kwa tarakilishi ya mezani, kukatika kwa stima hata kwa sekunde moja hutosha kuharibu kazi ya saa tano, kwa hiyo betri ya akiba si anasa.

Kuna pia makosa ya hesabu, ambayo yana tiba rahisi. Ili kujua ni megabiti ngapi kwa sekunde zinazoruhusiwa, 600 igawanywe kwa idadi ya dakika za video. Dakika 120 hutoa megabiti 5, na dakika 150 hutoa megabiti 4, sauti ikiwa imo ndani yake. Dakika 60 hutoa 10, lakini kiasi hicho ni karibu mno na ukingo wa kiwango na baadhi ya deki hukwama, kwa hiyo isizidi 8. Sauti isiyobanwa hula megabiti 1.5 peke yake ilhali ile ya AC-3 huridhika na kilobiti 192, tofauti ambayo katika harusi ndefu hurudisha uwazi wa picha. Harusi ya siku tatu isilazimishwe kuingia katika sahani moja. Wenye harusi watafurahia sahani mbili, ya kesha na ya kupamba, kuliko moja yenye picha zilizofifia.

Folda la VIDEO_TS likishakamilika, litazamwe lote kwa VLC, menyu zikiwemo. Baada ya hapo ndipo lichomwe, kwa kasi ndogo ya 4 au 8, hata kama kichomeo kinajivunia 16. Deki kuukuu husoma vizuri zaidi sahani iliyochomwa taratibu. Sahani ya kwanza ijaribiwe katika deki ya kawaida ya nyumbani, si katika tarakilishi iliyoitengeneza.

Kuomba msaada bila kufunua

Itatokea mara nyingine kwamba mtafiti amejaribu yote na hakufaulu. Bado anaweza kuomba msaada bila kuzitoa picha. Programu ya MediaInfo, ambayo ni ya bure, husoma faili na kutoa karatasi ya maelezo: aina ya kodeki, ukubwa wa fremu, mwendo wake, kama mwendo huo unabadilika, na vipimo vya sauti. Fundi mzoefu akisoma karatasi hiyo anaweza kubaini tatizo bila kuona sura ya mtu. Tahadhari moja tu: simu nyingi huandika ndani ya video mahali iliporekodiwa, na mstari huo huweza kutokea katika maelezo. Ufutwe, pamoja na jina la faili ikiwa lina jina la ukoo, kabla ya karatasi kutumwa.

Njia nyingine ni kutengeneza kipande cha badala. Simu ileile ipelekwe usiku karibu na gati la Malindi au ufukwe wa Kilifi, irekodi mashua na taa kwa dakika kumi, kisha kipande hicho kitiwe katika mradi mtupu na kutolewa kama DVD. Programu ikigoma, mtafiti amepata mgonjwa anayeweza kupelekwa kwa daktari yeyote. Isipogoma, amejua kwamba aina ya faili si tatizo na arudi kwenye kipande kimoja kilichoharibika.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ya faragha haimo katika kuomba msaada. Imo katika mabaki. Programu inapomaliza kazi salama huyafuta mafaili yake ya muda. Inapojifunga ghafla huyaacha, na kila jaribio lililoshindikana huongeza mengine. Mtafiti aliyejaribu mara sita katika tarakilishi ya maabara ya chuo, au katika mashine aliyoazimwa, huenda ameacha humo nakala kadhaa za kesha ambalo aliapa halitatoka nje ya ua ule, tena katika folda ambalo hakulichagua yeye. Mahali pa folda hilo huandikwa katika mipangilio ya programu, na pajulikane kabla ya jaribio la kwanza. Kila baada ya programu kugoma, folda lifunguliwe, mafaili yafutwe, na pipa la taka la tarakilishi limwagwe. Katika diski za kawaida zinazozunguka, kufuta tu hakutoshi, kwani data hubaki hadi iandikwe nyingine juu yake. Windows ina amri ya cipher ambayo, ikipewa alama ya /w na jina la diski, huandika upya nafasi yote iliyo wazi. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, hivyo ianzishwe jioni, na mashine isirudishwe kwa mwenyewe hadi ikamilike.

Nakala zinazotolewa zihesabiwe na kupewa nambari, na idadi yake isomwe mbele ya mwenye harusi anapokabidhiwa. Ile inayobaki kwa mtafiti ihesabiwe pia.